Mama anakataa nimwekee sakafu, anaogopa kutolewa TASAF

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma barua za wenzangu hapa muda mrefu, leo zamu yangu. Nina miaka 29, nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, nimepanga chumba Tandika. Mama yangu anakaa Mbagala, upande wa bondeni, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu baba. Ana miaka 63. Anaishi na wajukuu wawili, watoto wa marehemu dada yangu. Wa kiume yuko kidato cha pili, wa kike darasa la nne. Jioni mama anakaanga mihogo, anauza na kachumbari pale njia ya shule. Siku nzuri anabaki na elfu tatu baada ya kutoa mafuta na mkaa. Siku ya mvua habaki na kitu.

Nyumba yenyewe ni ya tofali zisizopigwa lipu, na chini ni udongo mtupu. Shangazi, maji ya bondeni hayapiti mlangoni peke yake, yanachimbuka kutoka chini. Masika iliyoisha nilikwenda Jumapili moja nikakuta kila mguu wa kitanda umewekewa tofali mbili, na madaftari ya watoto yako ndani ya ndoo yenye mfuniko, ndoo imetundikwa kwenye msumari. Mkeka wanaolalia watoto ulikuwa juani tangu asubuhi na bado ukiukamua unatoa maji. Huyu wa kike anakohoa tangu mwezi wa nne. Zahanati wamempa dawa mara mbili, inapungua, mvua ikinyesha inarudi.

Mwezi uliopita tulivunja kikoba, nikapata Sh 680,000. Sijawahi kushika hela kama hiyo maishani. Nikasema hii ni ya sakafu ya mama. Nikampeleka fundi, akapima, akanipigia hesabu ya saruji, mchanga, kokoto na kazi, vyumba vyote viwili na lipu ya ndani. Inatosha, inabaki ya nauli.

Mama akamsikiliza fundi mpaka mwisho, akamkaribisha chai. Fundi alipoondoka akaniambia: "Mwanangu, Mungu akubariki, lakini hiyo sakafu usiniwekee. Wakija kuhakiki wakakuta saruji, mimi wananitoa."

Mama ni mlengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, tangu 2021. Alitajwa kwenye mkutano wa mtaa, halafu wakaja nyumbani na dodoso. Maswali anayakumbuka yote mpaka leo: sakafu ya nini, ukuta wa nini, choo cha namna gani, mnapikia nini, mnawasha taa gani, mna redio, mna kitanda, mnalala wangapi chumba kimoja. Anasema, "Waliangalia chini kabla hawajaniangalia usoni." Kwake yeye ile sakafu ya udongo ndiyo iliyompa ile kadi.

Malipo yanakuja kila baada ya miezi miwili. Ya mwisho alipata Sh 44,000. Siku ya malipo anaoga mapema, anavaa gauni lake la kijani, anatoa kadi aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wajukuu, anakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Kuna mmoja pale kila malipo lazima aachiwe elfu mbili "ya chai", na kina mama wote wanaacha. Pesa iliyobaki inaenda kwenye sare, madaftari, na hisa za kikundi. Yeye na walengwa wenzake wana kikundi cha kuweka akiba, wana sanduku la kufuli tatu, mama ndiye mshika ufunguo mmojawapo.

Sasa nyumbani hapakaliki. Kaka yangu, ni bodaboda, anasema mama ana akili kuliko mimi. Yeye anasema kama lazima tuweke sakafu, tuweke, halafu siku ya uhakiki tumwage udongo juu na kutandika jamvi. Jirani naye tuligombana kidogo kisimani, akanitishia kwamba atakwenda kusema mama ana binti mwenye kazi Kariakoo na ni mwongo, hastahili. Mama alilia usiku ule. Mshahara wangu Sh 200,000, Shangazi, na kodi ya chumba inatoka humo humo.

Nilimwambia mama nitamfidia hiyo pesa. Akanijibu kwa upole tu: "Kumbuka ulivyokaa miezi saba bila kazi. Tulikula nini?" Nikanyamaza.

Je, nimlazimishe? Niweke sakafu akienda msibani Rufiji, arudi aikute? Au nimwache na udongo wake?

Binti wa Mbagala

---

Marahaba mwanangu. Hongera kwa ile laki sita na themanini. Najua muuza duka wa Kariakoo anaifikiaje hela kama hiyo, na wewe ulipoishika wazo la kwanza likawa sakafu ya mama.

Nianze na lile la Rufiji: usithubutu. Mama kurudi kutoka msibani akakuta watu wameingia nyumbani kwake, wametoa vitu nje na kubadilisha chini ya miguu yake, hiyo siyo zawadi. Ile nyumba ni yake. Amekwisha sema hapana, kwa upole na kwa sababu. Ukimpita, hata sakafu ikiwa nzuri namna gani, ataikanyaga kama mgeni.

Tena mama hajakosea, na hili naomba ulishike kabla ya mengine. Wengi watakwambia ni ushamba, ni uoga wa wazee. Mimi nasema ameuelewa utaratibu vizuri kuliko wengi wanaouelezea kwenye semina. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, huo wa TASAF, ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi cha pili kilipozinduliwa Februari 2020 ukasogezwa ufike kila kijiji, mtaa na shehia, ndiyo maana mama yako aliingia 2021. Kumpata mlengwa kuna hatua. Wananchi wanakutana na kutaja kaya wanazoziona duni kabisa. Kisha linakuja dodoso, na majibu yanaingizwa kwenye kompyuta yapewe uzito. Kwa nini waulize sakafu na choo badala ya kuuliza tu kipato? Kwa sababu muuza mihogo hana hati ya mshahara. Kipato chake hakionekani, kwa hiyo wanapima vinavyoonekana. Sakafu ni mojawapo.

Mojawapo, mwanangu, siyo yote. Wanahesabu pia watu wa kaya na umri wao, wanaosoma, mzee anayelea yatima, vyombo vya ndani, mifugo, namna mnavyopata maji na mwanga. Saruji peke yake haimtoi mtu kama kwamba ni swichi ya taa. Lakini siwezi kukudanganya kwamba haina uzito, ina uzito. Na mimi hilo linaniuma. Mfumo uliokusudiwa kumwinua mtu usimfanye aogope kuinuka. Mtoto anakohoa miezi mizima, bibi yake anaogopa mifuko michache ya saruji, kwa sababu udongo umegeuka ushahidi wa shida yake. Walio na mamlaka ya kupanga yale maswali wangelala usiku mmoja wa masika kwenye ule mkeka.

Wenzetu Zanzibar wana kitu ambacho Bara hatuna. Tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapata pensheni ya jamii, ilianza na Sh 20,000 kwa mwezi. Haulizwi sakafu, haulizwi bati. Anaulizwa umri. Mama yako angekuwa na tegemeo la namna hiyo mbele yake, angeacha fundi apige kazi bila hofu. Natamani siku moja tuizungumze hapa Bara kwa sauti kubwa.

Turudi kwako. Hebu tupige hesabu pamoja. Sh 44,000 kwa miezi miwili ni 22,000 kwa mwezi. Wako watatu, kila mmoja anapata kama 7,300. Kwa siku ni kama Sh 240, haifiki bei ya chapati. Utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini Bara kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na hizo ni bei za wakati ule. Kwa hiyo ile pesa haikuwahi kumtoa mama kwenye umaskini. Ile ni nyongeza, mihogo ndiyo inayolisha. Utafiti huo huo ulikuta Dar es Salaam ndiyo yenye maskini wachache kuliko mikoa yote ya Bara, asilimia 8, na watu wakisikia hivyo wanasema mjini hakuna shida. Sasa chukua hiyo asilimia 8 kwa watu 5,383,728 waliohesabiwa Dar mwaka 2022. Ni watu zaidi ya laki nne. Mama yako si wa ajabu, na hana cha kuonea aibu.

Kama ni Sh 22,000 tu, kwa nini anaishikilia namna hii? Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye mstari ulioupitia haraka: mama ndiye mshika ufunguo. Na kabla yake, gauni la kijani. Mwanangu, hebu waza. Mwanamke huyu amezika mume, amezika binti, amebaki na watoto wa marehemu. Pesa yote inayofika mkononi mwake ina mtu mwingine nyuma yake. Ya kwako inakuja ukiwa nayo. Ya kaka yako inakuja hesabu ya bosi ikitimia. Ya mihogo inategemea mvua. Hii moja inakuja kwa jina lake, anaitwa mbele za watu, anasaini, anarudi nayo, anaweka hisa, anafungua sanduku la wenzake. Ukimwambia "nitakufidia", wewe unasema kiasi. Yeye anasikia kwamba atarudi kumtegemea mtu. Na mtu huyo, pamoja na mapenzi yote, alishakaa miezi saba bila kazi. Hakukusimanga alipolitaja hilo. Alikuonyesha wapi panamuuma.

Kwa hiyo mimi nadhani umempelekea mama kitu kizuri kwa mpangilio uliogeuka. Ulitanguliza sakafu, ahadi ikafuata. Tanguliza uhakika, sakafu ifuate.

Kaeni wewe na kaka yako. Mwambie kama anaona mama ana akili, basi aweke hela kwenye hiyo akili. Sh 22,000 mkigawana ni 11,000 kila mmoja kwa mwezi. Kwa mshahara wako inauma lakini haivunji, na kwa bodaboda ni chini ya Sh 400 kwa siku. Chagueni tarehe moja, tuseme tarehe 5, iingie kwenye simu ya mama kila mwezi, msimpigie kwanza kumwambia mmetuma, msiseme ni ya nini. Anzeni mwezi huu wa saba, akiwa bado anapokea ya TASAF, kabla saruji haijanunuliwa. Julai, Agosti, Septemba. Mwisho wa Septemba atakuwa ameiona mara tatu bila kuiomba. Hapo ndipo mzungumze tena habari ya fundi, na vuli itakuwa haijashika. Zile za kikoba zisilale kwenye simu yako, utazila bila kujua. Lipia mchanga na kokoto sasa, vimwagwe kando ya nyumba. Mchanga hauozi, na mama ataona kwamba hukutania.

Wakati huo huo nenda naye kwa mtendaji wa mtaa, na ikibidi mpaka kwa mratibu wa TASAF pale manispaa ya Temeke. Msiulize wajumbe wala majirani. Nenda na mama mwenyewe, na yeye ndiye aulize kwa mdomo wake: nikisaidiwa na mtoto kutengeneza nyumba, mnaiandikaje? Uhakiki unafanyikaje? Kaya ikihitimu, ina haki ya kukata rufaa, na kwa njia gani? Wanapotumia neno kuhitimu, wanamaanisha kaya imepimwa ikaonekana imepanda, si kwamba imekamatwa na kosa. Mama aambiwe hivyo na mwenye ofisi, si na wewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kutolewa kwa aibu na kumaliza safari, na hofu yake nusu ni hiyo aibu.

Kuhusu jirani, mpoze mama leo leo. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Wewe umepanga Tandika, unapika Tandika, una kaya yako. Mama hakusema uongo alipokuhesabu nje. Kuwa na binti anayefanya kazi Kariakoo si kosa, na kama mshahara wa laki mbili ungekuwa utajiri, wewe ungekuwa wa kwanza kujua. Jirani akitaka kwenda kusema, aende. Ofisi ina orodha na dodoso.

Udongo juu ya saruji ndilo jambo ambalo nitakuwa mkali. Mwambie kaka yako Shangazi amekataa kabisa. Fikiria siku yenyewe: mama wa miaka 63 anamwaga udongo nyumbani mwake alfajiri, wajukuu wanamsaidia kuusambaza, yule wa darasa la nne mwenye kifua anavuta vumbi, halafu bibi anasimama mlangoni kumdanganya kijana wa dodoso. Watoto watajifunza nini kuhusu bibi yao? Na pale mtaani yuko mama mwingine aliyetajwa kwenye mkutano akakosa nafasi, labda mnapishana naye kisimani kila siku. Mimi nataka mama yako abaki kwenye orodha kwa kustahili, na akiondoka aondoke ameinua kichwa. Kama bado yuko chini hata baada ya saruji, dodoso lina maswali mengine mengi ya kulionyesha hilo.

Hiyo elfu mbili "ya chai", nayo isipite kimya kimya. Ruzuku ya mlengwa haikatwi chai. Sh 2,000 kwenye 44,000 ni zaidi ya shilingi nne katika kila mia, na mkizidisha kwa kina mama wote waliopanga foleni siku hiyo ni mshahara wa mtu. Najua kwa nini wanatoa: mwenye kugoma peke yake anaogopa jina lake lipotee. Basi wasigome peke yao. Kikundi cha sanduku kinakutana, kiliongelee pale, waandike tarehe na kiasi, wapeleke kwa mratibu wakiwa wengi. Na TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Anayepiga anaweza kuwa wewe, si lazima awe mama.

Sasa hofu iliyo kubwa zaidi: akihitimu kweli, anapoteza nini? Anapoteza ile ruzuku, ndiyo. Lakini tusimwache aamini kwamba kila kitu kiko ndani ya ule mfuko wa nailoni. Ada ya wajukuu haitoki TASAF. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa mpaka kidato cha sita. Kinachobaki kumtafuna ni sare, madaftari na michango, na hiyo ndiyo kazi ya ile tarehe 5. Matibabu yake mwenyewe: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Ana miaka 63. Ana kitambulisho cha matibabu cha wazee? Hukukitaja. Kama hana, mkifika kwa mtendaji siku ile ulizeni na hilo, na afisa ustawi wa jamii wa kata mumwone. Na huyu binti anayekohoa tangu mwezi wa nne, asipewe dawa ya tatu ya kifua kabla hajapelekwa hospitali kubwa kidogo, aangaliwe vizuri, apimwe na kifua kikuu. Hilo lisingoje Septemba. Nenda naye wiki hii, omba ruhusa dukani siku moja.

Kijana wa kidato cha pili, akifika mbali akapata chuo, fomu za mkopo wa elimu ya juu zinataka kujua kama mwombaji ametoka kaya ya TASAF. Kwa hiyo ile kadi na namba ya kaya, toeni kopi, nakala moja ikae kwako Tandika. Mama akikuona unaitunza kadi yake badala ya kuishindania, atalegea.

Na sanduku? Sanduku ni la wanachama. Akiba ni yao, hisa ni zao, ufunguo alipewa na wenzake kwa sababu wanamwamini. Ruzuku ikikoma, kikundi hakikomi. Tena kikundi kilichozoea kukutana na kutunza hesabu ndicho kilicho tayari kuomba ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Mihogo ya mama inahitaji nini? Karai kubwa? Banda la kuzuia mvua, ili siku ya mvua naye auze? Muulize. Kwa macho yangu mimi, banda lile lingemletea zaidi ya Sh 22,000 kwa mwezi, na lingekuwa la jina lake vilevile.

Hayo yote yakishafanyika, akasema bado hapana? Basi utamsikiliza. Utapiga lipu ya ndani na kumjengea msingi mdogo wa kuzuia maji mlangoni, utanunua kitanda cha pili watoto watoke kwenye mkeka, na utarudi mwakani. Lakini sidhani kama atasema hapana. Mwanamke aliyemkaribisha fundi chai na kumsikiliza mpaka mwisho anaitaka ile sakafu.

Siku ya kununua saruji usiende peke yako. Mpitie Mbagala, mpe hela azishike yeye, ahesabu yeye mbele ya muuzaji. Na kabla fundi hajachanganya zege, muulize mama anataka waanze na chumba kipi.